Nafasi Niliyoiacha Katikati ya Diski

Kanisani kwetu mtu hashtakiwi, anaombewa. Hakuna anayesimama akasema fulani amechukua kitu. Hilo lingeleta ugomvi, na wengi wetu ni majirani, tunatenganishwa na bati moja tu. Mwenye shaka husubiri wakati wa maombi, kila mtu akiwa amefumba macho, halafu anamweleza Mungu jambo lenyewe kwa sauti inayofika mpaka mlangoni. Asiyehusika huitikia amina. Anayehusika huitikia pia, ili asijulikane.

Jumapili niliyoombewa mimi, aliyeitikia amina kwa sauti kuliko wote alikuwa mama yangu. Alikuwa bado hajajua kwamba ni mimi.

Kanisa letu liko Kibera, upande wa kuelekea Ayany, na tunaishi karibu nalo kiasi kwamba kwaya ikifanya mazoezi huwezi kulala mchana. Kazi yangu iko Kawangware, karibu na steji ya matatu inayoitwa 56, katika duka la kompyuta zilizotumika. Ni duka jembamba, limebanwa kati ya saluni na mtu anayeuza misumari na rangi. Mwenye duka ni mama mmoja wa Kitui, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Yeye ndiye anayeongea na wateja. Mimi napima.

Kupima ni kazi ya mtu mpole. Kompyuta ikifika, kabla haijawekwa bei, nabonyeza kila herufi ya kibodi, moja baada ya nyingine, mpaka zote zionekane kwenye skrini. Naijaza skrini rangi nyeupe, halafu nyekundu, halafu nyeusi, nikitafuta kidoa. Memori naiacha ijihesabu yenyewe wakati ninakula. Mwisho ni diski. Kuna programu inayosoma diski kutoka mwanzo hadi mwisho na kuchora mraba mdogo kila inapopita. Mraba wa kijivu ni mahali pazima. Wa machungwa ni mahali panaposomeka kwa shida. Mwekundu pamekufa, na chochote ulichokiweka pale hukipati tena. Huku miraba ikijipanga mimi naweka sikio. Diski nzima husikika kama mtu anayesugua vidole. Diski mbovu hugonga.

Niliishia darasa la nane. Maneno ya Kiingereza yanayotokea kwenye skrini nayasoma taratibu, kidole kikiwa chini yake, na hilo mwenye duka hajali. Anachojali ni kwamba siongei. Mteja akiniuliza kitu namgeukia yeye, naye hucheka, anasema, "Huyu ukitaka akuongeleshe, jigeuze laptop."

Mama yangu alikuwa ameliambia kanisa zima kwamba mtoto wake ni daktari wa kompyuta.

Nikaja kupata mgonjwa. Kanisani kuna mama mzee tunayemwita Dani, maana yake nyanya kwa Kijaluo. Hata sisi tusio Wajaluo tunamwita hivyo. Dani alifanya kazi ya nyumba kwa familia moja kwa miaka mingi sana, mpaka magoti yakamshinda. Jumapili moja mwanzoni mwa mwaka huu alikuja na laptop ndani ya mfuko wa plastiki, akapewa nafasi ya ushuhuda.

"Nimewafulia mpaka watoto wao wakaoa," alisema. "Siku ya kutoka hawakunipatia nguo za zamani kama vile wengine hupewa. Walinipatia kompyuta. Mimi siijui. Lakini nikasema, nitaipeleka kwa Bwana, Bwana anaijua."

Watu walipiga vigelegele. Laptop iliwekwa kwenye meza ya mbele na kufunikwa kitambaa cheupe cha kushonwa kwa mkono, kile tunachofunikia viti nyumbani. Mchungaji alihubiri juu ya sadaka isiyo na kilema. Alisema kuna watu humletea Mungu kondoo kiwete kwa sababu huyo hauziki sokoni, lakini Dani amempelekea Mungu kondoo mzima. Kuanzia siku hiyo Dani alitolewa kwenye benchi na kukalishwa mbele, kwenye kiti cha pekee chenye mikono, pembeni ya wazee wa kanisa.

Wiki haikuisha kabla watu wawili hawajaanza kuivuta laptop, kila mmoja upande wake. Mwalimu wa kwaya aliitaka kwa ajili ya kurekodi nyimbo, ikiwa na mfumo wa uendeshaji ule wa kawaida ambao kila mtu ameuzoea. Dada anayefundisha watoto Jumapili aliitaka kwa mfumo mwingine, wa bure, uliojaa masomo na michezo ya kuhesabu. Mwalimu wa kwaya aliogopa watoto wasije wakafuta nyimbo. Dada aliogopa kwaya itaweka neno la siri na watoto hawataiona tena. Mchungaji aliniita mbele, akaniuliza kama kompyuta moja inaweza kuwa mbili.

Nilikuwa bado natafuta pa kuangalia wakati mama yangu alijibu kutoka nyuma.

"Inawezekana, pasta. Ni kazi yake ya kila siku."

Haikuwa kazi yangu ya kila siku, lakini nilikuwa nimeifanya. Unaigawa diski vipande, kila mfumo unakaa kwenye kipande chake, na ukiwasha kompyuta inakuonyesha orodha fupi ili uchague unaingia upande gani. Wa huku haoni vya kule. Niliiona kama chumba chetu, pazia katikati, mama upande mmoja na mimi upande mwingine, kila mmoja na godoro lake.

Niliipeleka dukani ikiwa imefungwa kwenye leso ya mama. Kibodi ilikuwa nzima. Chini ya herufi moja nilitoa punje ya mchele. Skrini haikuwa na doa. Kwenye kona ya kifuniko kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ambao mtu alikuwa ameufuta vizuri mpaka usionekane haraka. Niliupitishia kidole nikaendelea.

Diski ilianza vizuri. Kijivu, kijivu, kijivu, mstari baada ya mstari. Ilipokaribia katikati, ikagonga. Mraba wa machungwa. Halafu mwingine. Halafu mwekundu, na programu ikasimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Baadaye ikajivuta, ikapita wekundu mwingi, ikafika tena kwenye kijivu na kuendelea hadi mwisho bila shida.

Mwenye duka aliisikia kutoka alikokuwa.

"Hiyo ilianguka," alisema. "Tena ikiwa imewashwa. Ingekuwa imezimwa haingegonga hivyo. Ni ya nani?"

"Ya kanisa letu."

"Waambie watafute diski ingine."

"Sawa."

Dawa ya kweli ilikuwa hiyo. Lakini kuomba diski nyingine ni kusema hii ni mbovu, na kusema hii ni mbovu, baada ya yale mahubiri, ni kusimama mbele ya watu na kusema Dani alileta kondoo kiwete. Nilijaribu kuisema ile sentensi peke yangu, nikiwa nimeinama chini ya meza kutafuta waya. Haikutoka hata pale.

Basi nikafanya kile ambacho watu hufanya kwetu wakijenga. Ukikuta mtaro unapita kwenye ploti, huna uwezo wa kuuhamisha. Unasimamisha ukuta upande huu, unauacha mtaro upite, unasimamisha ukuta mwingine upande ule. Niliipa kwaya kipande cha mwanzo cha diski, kikaishia mbali kidogo kabla ya wekundu. Niliwapa watoto kipande cha mwisho, kikaanzia mbali kidogo baada ya wekundu. Katikati niliacha nafasi isiyo ya mtu, isiyo na jina, ili kichwa cha diski kisipate sababu ya kwenda pale kusoma au kuandika. Nikapima vile vipande viwili tena na tena. Vyote vilikuwa kijivu.

"Umewaambia?" mwenye duka aliniuliza siku ya kuirudisha.

"Nitawaambia."

"Utawaambia saa ngapi, na wewe hata mimi hunisalimii?"

Jumapili ile niliwasha laptop mbele ya kanisa. Orodha ikatokea, mistari miwili tu: KWAYA, na chini yake WATOTO. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameomba kwaya iwe juu, na dada wa watoto alikuwa amekubali kwa sharti kwamba herufi ziwe za ukubwa mmoja. Watu walipiga makofi. Mama aligeuka kuangalia nani anapiga makofi na nani hapigi. Nilimwambia mwalimu wa kwaya, kwa sauti ya chini, kwamba nyimbo ziwe zinawekwa pia kwenye flash.

"Kwa nini?"

"Ni vizuri tu."

Hayo ndiyo maelezo pekee niliyoyatoa.

Kijana anayepiga kinanda ndiye aliyeanza. Ni mtu mzuri, wa mzaha, na hakuwa na nia mbaya. Alinikuta nje nikingoja mama afunge kanisa.

"Niaje, daktari. Nimeangalia ile mashine. Huku chini kuna stika imeandikwa GB mia tano. Kwaya iko na mia mbili. Watoto wako na mia mbili. Mia moja imeenda wapi?"

Ningeweza kumjibu. Sehemu ya ile mia haikuwahi kuwepo. Kiwanda cha diski huhesabu kwa njia yake na kompyuta huhesabu kwa njia nyingine, na kila diski uliyowahi kuiona huonekana ndogo kuliko stika yake. Sehemu iliyobaki ilikuwa pale pale, haijaguswa, kwa sababu maalumu. Nilikuwa na haya yote kichwani, yamejipanga. Nilichosema ni, "Ni... ni vile iko."

"Vile iko?" Alicheka. "Ama umekatia mtu wako wa 56 kipande?"

Na mimi, kwa sababu watu wawili wengine walikuwa wamesimama pale wakisikiliza, nikacheka pia. Mtu mwenye haya hucheka asipojua la kusema. Sasa najua kicheko changu kilisikika vipi.

Kwetu kila mtu amewahi kupeleka kitu kwa fundi kikarudi kimepungua. Redio inarudi na spika ndogo, simu inarudi na betri nyepesi. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona diski kwa ndani, kwa hivyo hakuna aliyeona ajabu kwamba inaweza kumegwa kama mandazi. Maneno yalizunguka. Hata ile flash yakaizunguka: ndiyo sababu alisema tuweke nyimbo kwa flash, alijua amefanya nini.

Jumapili iliyofuata mwalimu wa kwaya aliongoza maombi. Aliombea wagonjwa, aliombea waliosafiri kwenda Machakos kwenye mazishi, halafu sauti yake ikapanda.

"Na sasa, Baba, kuna kitu chako kililetwa hapa kizima. Kikapita mkononi mwa mtu. Kikarudi si kizima. Mguse huyo mkono, Baba. Usiuchome, uguse tu, arudishe."

"Amina," akaitikia mama yangu, kwa moyo wake wote.

Nilikuwa nimesimama kando yake macho yamefumbwa, na nilijua ni wakati gani hasa alipoelewa, kwa sababu bega lake lililokuwa limegusana na langu liliondoka kidogo. Si sana. Kama mtu anayempisha mwingine.

Nyumbani aliweka maji ya chai jikoni na hakuniuliza mpaka yakachemka.

"Ulichukua?"

"Hapana."

"Basi iko wapi?"

"Iko ndani. Haijatoka."

"Kwa nini hawaioni?"

Nilijua nikimwambia mama, kabla ya jioni atakuwa amesimama mlangoni kwa mwalimu wa kwaya, mikono kiunoni, na jina la Dani litakuwa njiani pamoja na nguo za watu zilizoanikwa. Nikasema siwezi kueleza. Alinimiminia chai. Aliniangalia nikiinywa, na nikaona kwamba anajaribu kuniamini na kwamba ni kazi ngumu kwake.

Mama ndiye aliyekuwa akishika ufunguo wa kanisa. Alikuwa nao tangu nikiwa mdogo, ameufunga kwenye pembe ya leso, na kila Jumamosi alifungua, akafagia, akapiga deki. Wiki ile walikuja wazee wawili wakamwambia, kwa upole sana, kwamba imeonekana ni vizuri ufunguo uwe unazunguka, leo kwa huyu kesho kwa yule. Mama akasema ni wazo zuri. Alihangaika kuifungua ile pembe ya leso, fundo lilikuwa la miaka, na wazee walisimama wakisubiri wakiangalia pembeni. Nilikuwa nimekaa kitandani upande wangu wa pazia. Sikutoka.

Mtu angeweza kusema nilinyamaza kwa heshima ya Dani. Mimi mwenyewe nilijaribu kujiambia hivyo. Lakini najua vile ninavyonyamaza hata mtu akikanyaga mguu wangu, kwa hivyo sikuweza kujua ni kiasi gani kilikuwa heshima na ni kiasi gani kilikuwa tu mdomo wangu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi ya maombi. Kama ningekuwa na uhakika kwamba ninabeba kitu kwa ajili ya mtu mwingine, ningekibeba vizuri.

Halafu ikatangazwa kwamba kuna fundi mmoja kule Ayany ambaye ataitazama ile kompyuta na kurudisha kipande kilichopotea. Niliposimulia dukani, mwenye duka aliweka chini bisibisi.

"Akinyoosha hicho kipande cha kwaya mpaka pale pabovu, diski itaanza kuandika pale. Nyimbo zinaenda. Unajua?"

"Najua."

"Na bado hujasema."

Niliichukua ile bisibisi nikairudisha mahali pake.

"Wewe kijana," alisema, si kwa ukali, "utakufa na maneno tumboni kama mtu aliyemeza kifuniko."

Kesho yake Dani alikuja mwenyewe. Alishuka kwenye boda boda pale barabarani kwa shida, mwendesha boda akimshika mkono, akaulizia duka saluni, wakamwelekeza. Mwenye duka alimpa kiti chake. Dani hakuangalia kompyuta zilizopangwa ukutani. Aliniangalia mimi.

"Nimesikia kompyuta yangu imepunguzwa," alisema. "Nimekuja nisikie kutoka kwako. Sio kwa maombi."

Mwenye duka akakumbuka ghafla kwamba ana jambo la kuuliza saluni.

Nilikuwa na picha kwenye simu. Siku ile ya kupima nilikuwa nimeipiga picha skrini, nisije nikasahau. Nikampa simu. Dani aliishika mbali na uso, kama wazee wanavyoshika.

"Hii ni nini?"

"Ni diski, Dani. Kila kibox ni sehemu yake."

"Na hizi nyekundu?"

"Hapo pameumia."

"Pameumizwa na nini?"

Nilisikia maji yakimwagwa nje ya saluni. Nikasema, "Pengine ilianguka."

Skrini ikazima, akanirudishia niiwashe, nikaiwasha, akaitazama tena.

"Ilianguka," alisema. "Nilikuwa napanguza meza. Ilikuwa imewashwa, kuna mtoto alikuwa anatazama katuni akaenda chooni. Nikavuta kitambaa, ikaja na kitambaa. Nikaiokota, ikawa inaongea tu vile ilikuwa ikiongea. Nikasema asante Yesu. Nikafuta hapo kwa kona na mate. Sikuambia mtu."

"Pole, Dani."

"Ikaanza kuwasumbua. Siku ya kutoka wakanipatia. Mama wa nyumba akasema iko slow kidogo tu. Mpaka leo sijui kama walijua. Wakati mwingine nafikiria walijua, wakanipatia niishi nayo. Wakati mwingine nafikiria walikuwa wanatoa takataka, mimi nikawa karibu." Alitabasamu kidogo. "Nikaileta kanisani. Nikafikiri ikiombewa itapona."

Sikujua kama inafaa nicheke.

"Wewe ulijua hii kabla pasta hajarudishiwa?"

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

Nadhani nilikuwa nangoja aniambie nimefanya vizuri. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilingoja.

"Mama yako amenyang'anywa ufunguo," alisema Dani, "na mimi nimekaa kwa kiti cha mikono. Sasa nitakikalia aje?"

Jumapili, wakati wa ushuhuda ulipofika, aliweka mikono kwenye ile mikono ya kiti na kuanza kujiinua. Magoti yake hayasimami kwa mara moja. Kwanza husogea mbele, anapumzika, anajisukuma, anapumzika tena. Nilikuwa nimekaa pembeni ya mama. Nilijua anachokwenda kusema. Katikati ya kukaa na kusimama kwake kulikuwa na nafasi ya kutosha, pana kabisa, ambayo mtu mwingine angeitumia kusimama na kusema, Dani, kaa, nitasema mimi. Nilikuwa hata nimeandaa maneno. Niliangalia viatu vyangu.

"Ile kompyuta niliyoleta iliwahi kuanguka," alisema Dani. "Mimi ndiye niliangusha, nikiwa kazini, nikanyamaza. Iko na mahali pabovu ndani. Huyu kijana aliona. Akajenga huku na huku, akaacha pale pabovu pasiguswe, ndio nyimbo zenu zisipotee. Hiyo ndiyo mnaita imepotea. Hakuchukua kitu. Na mkiipeleka kwa mtu wa Ayany ajaze hapo, mtaimba kutoka kichwani."

Halafu akaanza safari ya kukaa tena.

Hakuna aliyesema amina, kwa kuwa hakuna aliyejua kama inafaa. Mwalimu wa kwaya alifanya kile walimu wa kwaya hufanya kanisa likikwama: alianzisha wimbo, wa haraka, na watu wakaushika kwa shukrani. Mama hakuimba. Alikuwa anaichezea ile pembe ya leso, ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya fundo. Bega lake lilirudi likagusa langu. Na mimi, niliyesafishwa jina mbele ya watu wote na mama mzee asiyeweza kusimama, nilitamani sakafu ingekuwa ya udongo kama zamani, angalau ningekuwa na kitu cha kuchimba kwa kidole cha mguu.

Ufunguo ulirudi siku chache baadaye. Dada wa watoto aliuleta, akasema kuzunguka kumeleta usumbufu, na mama akasema ni kweli, kuzunguka ni usumbufu. Mwalimu wa kwaya hakuniomba msamaha kwa maneno. Ila Jumapili iliyofuata aliombea vijana wanaofanya kazi za mikono, kwa jumla, na akakaa hapo kwa muda.

Dani alikataa kile kiti. Alirudi kwenye benchi, karibu na ukuta ambako anaweza kuegemea, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia, laptop ndiyo inayokaa pale sasa, imefunikwa kitambaa chake cheupe. Mwenye duka ananitafutia diski ya saizi ile, lakini zinazokuja nyingi nazipima na kukuta zinagonga. Kwa sasa, ibada ikiisha, nafunua kitambaa na kupima kingo za ile nafasi ya katikati, upande wa kwaya na upande wa watoto. Dani hunisubiri.

"Imekula zaidi?" huniuliza.

"Bado, Dani."

Jumapili iliyopita, upande wa kwaya, ukingoni kabisa, niliona mraba wa machungwa. Mmoja. Wiki iliyotangulia haukuwepo. Waimbaji walikuwa wanakunja majoho yao, kijana wa kinanda anazungusha waya, mwalimu wa kwaya anahesabu vitabu vya nyimbo. Nilirudia kupima. Ulikuwepo.

"Imekula zaidi?" akauliza Dani.

"Kidogo," nikasema.

"Sema kwa sauti. Mwalimu hasikii."

Mwalimu wa kwaya akageuka. Kijana wa kinanda akaacha waya.

"Imesonga," nilisema. "Pale pabovu. Pamesonga kidogo."

"Upande wa nani?"

"Wa kwaya."

Dada wa watoto, aliyekuwa mlangoni, akaziba mdomo kwa mkono. Kijana wa kinanda akasema, "Mwalimu, tuanze kuomba watoto watuazime chumba upande wao," na watu wakacheka. Mwalimu wa kwaya hakucheka. Aliniuliza kama nyimbo ziko salama, nikasema ziko kwenye flash, naye akauliza tena, kwa sababu sauti ilikuwa imeniishia katikati ya sentensi. Nikairudia yote tangu mwanzo, diski, nyimbo, flash, taratibu, na safari hii sikuangalia viatu vyangu. Niliangalia vyao.